TAA ZA UKUNGU: TUMULIKE AU TUPOFUSHANE?

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ndugu msomaji, hata mwenye macho akisimama ndani ya ukungu wa Kinale saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, ataona nini? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila siku ya masomo hutembea kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru hadi shuleni. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hututandia hapa mzito kama moshi wa kuni mbichi, na magari hupita karibu nasi yakinguruma tu.

Maoni yangu ni haya: madereva wengi wanaoongeza taa kwa ajili ya ukungu hawaongezi kuona. Wanaongeza kupofusha. Wala sisemi kama mtu wa kando. Nina hatia yangu, na hapa naiungama.

Mjomba wangu ni dereva wa matatu. Likizo ya Aprili mwaka jana alinunua balbu za wati 100 na spotlaiti mbili nyeupe, akataka zifungwe juu ya kioo cha mbele. Mimi ndiye niliyemshikia fundi tochi akiunganisha waya. Nikaringa nazo! Niliwaambia wenzangu kwamba gari la Mjomba linawaka kama uwanja wa Kasarani.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nikitembea na mwenzangu wa darasani upande wa kulia, tukiyaelekea magari kama tulivyofunzwa. Mbele yetu lilikuja lori. Nyuma yetu, upande wa pili, ikaja nuru kali ajabu. Dereva wa lori alipigwa na nuru ile machoni, akavutia usukani kando, yaani kwetu. Tulijirusha mtaroni. Mimi nilitoka na matope. Mwenzangu alivunjika mkono wa kulia. Nilipoinua kichwa nikaona gari likipita, taa mbili juu, mbili chini. Nilizijua taa zile.

Jioni nilimuuliza Mjomba. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, lori lenyewe nililiona likishafika. Nyinyi sikuwaona kabisa. Niliona ukuta mweupe tu."

Hebu tufikiri. Taa zile zilimpofusha mwenye lori, na hata mwenyewe hazikumsaidia. Kwa nini? Ukungu ni matone madogo madogo ya maji yanayoelea hewani. Nuru ikiyagonga hutawanyika, na nyingine humrudia dereva machoni. Akiwasha fulu, au akiwa na spotlaiti juu karibu na macho yake, anamulika ukungu ulio mbele ya uso wake. Kadiri taa inavyokuwa kali ndivyo ukuta ule unavyozidi kuwa mweupe.

Taa halisi ya ukungu hufungwa chini, kwenye bampa. Mwangaza wake ni mpana na bapa, umekatwa upande wa juu, ili umulike lami, mstari wa kando na miguu ya mtu anayetembea. Haikuundwa kuona mbali, imeundwa kuona karibu.

Wengine watasema, "Weka balbu za manjano, zinapenya ukungu." Hata Ufaransa iliyalazimisha magari yake kutumia taa za manjano kwa miongo mingi, hadi 1993. Lakini matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi la nuru, kwa hiyo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa. Manjano huenda yakayatuliza macho kidogo. Hayapenyi kwa miujiza.

Na zile balbu za wati 100? Wenzangu wa Kidato cha Tatu, tumieni hesabu ya Fizikia. Gawa 100 kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 8 kwa balbu moja. Mbili ni karibu ampea 17, kwa waya uliotengenezewa balbu za wati 55 ambazo zote mbili huvuta kama 9. Waya huchemka, soketi huyeyuka. Ya Mjomba ilikuwa imeanza kunuka.

Basi dereva afanye nini? Mjomba alirudi kwa fundi, nami nikashika tochi tena. Kwanza walisugua vioo vya taa kubwa, manake plastiki ya magari haya yaliyotumika Japani hufifia kwa jua ikawa kama jicho lenye mtoto. Kazi hiyo peke yake ilirudisha nuru nyingi. Pili, balbu za wati 55 zikarudishwa. Tatu, spotlaiti zilishushwa, zikafungwa taa za ukungu kwenye bampa, zikiwa na fyuzi na rilei yake. Mwisho gari liliwekwa mita 5 kutoka ukutani, taa zikainamishwa mpaka ukingo wa juu wa mwangaza ukawa kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayolinda macho ya wengine.

Najua madereva watanijibu, "Wewe mtoto, hujui shida ya usiku." Ni kweli siendeshi gari. Lakini mimi ndiye niliye kando ya barabara. Tena hakuna taa inayoweza kushinda mwendo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Ukiona mita 30 tu mbele, una sekunde moja na kitu. Mguu huo utafika breki saa ngapi? Taa nzuri bila kupunguza mwendo ni kujidanganya.

Nasi wanafunzi tuna wajibu. Sweta yetu ni ya rangi nzito, haionekani. Mkanda unaong'aa kwenye begi hauvunji sheria ya sare. Na kwa walimu wetu wapendwa, naomba kwa heshima: Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Je, prepu ya alfajiri haiwezi kungoja jua angalau katika miezi hii mitatu ya ukungu?

Mwenzangu alikaa na plasta wiki sita. Nilimwandikia noti zake zote, na mwezi mzima ukapita kabla sijathubutu kumwambia taa zile zilikuwa za nani na tochi aliishika nani. Alinitazama, akasema, "Basi iandike." Ndiyo maana nimeandika. Wewe uliye na baba, kaka au mjomba dereva, nenda leo jioni ukatazame taa zake zinaelekea wapi. Zikielekea machoni pa watu, mwambie.