Marehemu Asiye na Tarehe



Juma lililopita mzee mmoja Mngoni aliingia ofisini parokiani, akaomba babu yake atajwe katika Misa ya marehemu. Nikafungua kitabu, nikamwuliza: Alikufa lini, mzee? Alizikwa wapi? Akajibu, "Katika vita vya Maji Maji. Kaburi hatulijui." Kisha akacheka. "Waulize babu zako Wahehe, mtani. Pengine wao wanalijua, maana walikuja na Wadachi."

Nami nikacheka, kwani Mngoni na Mhehe ni watani. Lakini alipokwisha kutoka, kicheko kiliniisha.

Maneno yake ni kweli. Vita vile vilipoanza mwaka 1905, wengi wa Wahehe hawakuvishika pamoja na jirani zao. Wapo waliofuatana na majeshi ya boma la Iringa kwenda kuwapiga. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wako wanaokadiria kuwa waliokufa hufika 300,000. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa.

Sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuumizwa na Wajerumani hao hao. Kalenga ilianguka mwaka 1894; Mkwawa alijiua mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, nalo lilifika Kalenga mwaka 1954. Habari hii kila mtoto wa Iringa huisikia. Ile ya mwaka 1905 je, nani humweleza? Tuliyotendewa twayahubiri, tuliyowatendea jirani twayafunika.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Alifanya vema. Lakini mgeni hawezi kutuombea radhi kwa jirani yetu.

Wazee wetu walijua dawa. Wangoni na Wahehe waliuana sana katika karne ya 19, hata kabla ya Wajerumani kufika. Wajukuu wao wakawa watani. Mtani huja msibani, husaidia kuzika, hufanya mzaha mbele ya wafiwa, wala hakuna anayekasirika. Utani haufichi uovu wa zamani, bali huutaja pasipo mkuki. Ila mzaha hausemi kila kitu. Baada ya kicheko lazima mtu mmoja aseme, "Ndiyo, ilikuwa hivyo, na pole."

Basi, msomaji, ukiwa na mzee nyumbani, mwulize habari za miaka ile, za pande zote mbili, uziandike. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Katika kitabu changu niliandika jina la marehemu. Penye tarehe niliandika: Vita vya Maji Maji. Penye kaburi: Hapajulikani. Jumapili jina likasomwa. Baada ya Misa nilimfuata mzee nje, nikampa pole. Safari hii hakunitania. Alinishika mkono, tukaenda pamoja mpaka njia panda.