Konsoli za Kitambo Zinauzwa Tena, Lakini Gemu Zetu Mbona Hazimo?

Kama ulikulia mtaani miaka ya 2000, hii unaijua. Ashu mfukoni, sare ya shule bado iko mwilini, na miguu inajipeleka yenyewe pale kwa PS. Mathe amekutuma unga, lakini lazima kwanza umchape mtu tatu bila.

Juzi bro wangu mkubwa, ambaye anahustle Qatar, alinitumia kaboksi kupitia msee aliyekuwa anarudi likizo. Kufungua hivi, ni PlayStation Classic. Ni ile PS ya kwanza kabisa, imefanywa ndogo mpaka inatoshea kwa kiganja. Sitadanganya, machozi yalikaribia. Nikaichomeka kwa TV, nikapitia gemu zote 20, nikarudia tena nikidhani sijaona vizuri.

Hakuna ball. Hata moja!

Tekken 3 iko. Grand Theft Auto iko. Lakini PS bila ball ni kama chapo bila madondo. Hapo ndio nikaanza kujiuliza: hizi konsoli za kitambo zinazorudishwa sokoni, zinarudishiwa nani?

Hii biashara ilishika moto hivi

Nintendo ndio waliichochea. Konsoli yao ya Famicom ilitoka Japani 1983, ikafika Marekani 1985 kwa jina NES. Novemba 2016 wakaitoa tena ikiwa ndogo, na gemu 30 ndani, kwa dola 60. Watu wakaipigania kama unga wa bei ya chini. Madukani ikaisha, mabroka wakapandisha bei mtandaoni vile walitaka. Kufikia Aprili 2017 Nintendo walikuwa wameuza karibu milioni 2.3, halafu wakasema hawaundi tena. Kelele ikawa mob, mpaka Juni 2018 wakairudisha.

Wengine wakaona pesa iko hapa. Sega wakatoa yao 2019. Atari wakaleta 2600+ mwaka wa 2023, na hiyo hata inakubali kaseti za zamani zenyewe.

Sony ndio waliteleza. PlayStation Classic ilitoka Desemba 2018 kwa dola 100. Pad haikuwa na vile vijiti viwili vya kuzungusha. Gemu zingine zilikuwa toleo la Ulaya, ambalo linakimbia polepole kuliko la Marekani. Na programu inayoendesha gemu ndani yake ni ile ya bure ambayo msee yeyote angedownload kwa laptop. Miezi michache baadaye, maduka ya Marekani yalikuwa yanaiachilia kwa dola 40.

Kwa nini watu bado wananunua?

Si graphics, hiyo tukubaliane. Sababu ya kwanza ni umri. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi 1986 leo ana mshahara, ana watoto na ana stress. Dola 60 kwake ni bei rahisi ya kurudi nyumbani kwa saa moja.

Ya pili ni kuchoka. Gemu za siku hizi unalipia lakini si zako. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, na hata kama ulinunua kwa pesa yako, hukuweza tena kuicheza hata ukiwa peke yako. Mwaka uliotangulia, utafiti wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kitambo zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazikuwa tena sokoni huko kama bidhaa mpya. Kaboksi kasikohitaji bundles wala password kanaanza kuonekana kama mali.

Sasa rudi mtaani kwetu

Sisi Nintendo hatukuijua kwa jina. Tulijua "TV game", ile feki ya plastiki nyepesi. Kaseti imeandikwa 9999 in 1, ukiwasha unapata gemu ishirini zinazojirudia zikibadilisha majina. Tulicheza Contra, ile ya vifaru tuliyoita Tank, na ile ya kupiga bata na bastola.

Cheki NES Classic ya Marekani: Contra haimo, wameweka ndugu yake Super C. Tank haimo. Bata hawamo, na hata wangekuwamo, ile bastola ilihitaji zile TV nzito za mgongo. Kwa flat screen haioni kitu.

Kwa PS ilikuwa vilevile. Winning Eleven tuliyocheza ilikuwa CD ya kuburn, kwa mashine iliyofunguliwa na fundi. Tulilipa kila siku, lakini ashu zetu hazikufika Japani. Kwa vitabu vya hizo kampuni, sisi hatukuwa wateja. Hatuna risiti ya utoto wetu, ndio maana hakuna mtu anatuuzia tena.

Jana nilipita Luthuli, nikaona feki ya NES Classic kwa thao mbili. Muuzaji akaniwashia. Contra ndani. Tank ndani. Buda, feki ilinijua kuliko original!

Kitu ambacho hawawezi kupaki kwa boksi

Usiku nikampigia bro simu ya video nikamshow vile inafanya. Hakuuliza graphics. Aliuliza, "Uko na nani hapo?"

Nilikuwa solo. Ile base ya PS siku hizi ni duka la simu. Mimi college niliacha karo ilipokata, yeye akapanda ndege, mbogi ikatawanyika.

Neno nostalgia lilitungwa 1688 na daktari wa Uswisi, Johannes Hofer, kama jina la ugonjwa wa watu walioenda mbali na kwao. Kumbe mgonjwa hapa ni bro. Miaka sita hajaonja kelele ya watu kumi nyuma ya kiti, kila mtu akiwa kocha, na ile sheria moja: ukipigwa, unatoa pad.

Kwa hivyo kama unataka kununua hizi vitu, soma orodha ya gemu kwanza, halafu uhesabu una marafiki wangapi wa kukaa nao. Ukikosa wa pili, hiyo ganji afadhali uiweke.

Mimi nimeita mtoto wa jirani. Ana miaka tisa, hajawahi kugusa pad yenye waya, na kwa Tekken ameshanitoa mara nne. Bro akirudi Desemba, atanikuta kwa line.

Wewe ulikuwa moto kwa gemu gani kitambo?