Brashi Iko Mkononi mwa Nani?

Siku hizi majumba mengi ya makumbusho ya Ulaya yanajivunia neno moja: kushirikisha jamii. Hualikwa msanii kutoka mji mkuu, likaandaliwa juma la sanaa juu ya maisha ya watu wa kaskazini. Watoto hubandika karatasi za rangi, wazee hupigwa picha wakinywa chai, na wafadhili huandikiwa taarifa ya idadi ya waliohudhuria. Juma likiisha, msanii hupanda treni, na wenyeji hurudi walikokuwa. Mimi nasema wazi kwamba huko si kushirikisha. Ni kumwalika mtu katika karamu ya maisha yake mwenyewe, kisha kumkalisha upande wa wageni.

Mfano wa kunisaidia uko huko huko Uingereza. Katika jimbo la Northumberland, kaskazini-mashariki, upo mji wa Ashington, uliokuzwa na makaa ya mawe. Mwaka 1934 kundi la watu wa mji huo, wengi wao wachimbaji, lilianza darasa la jioni la kujifunza kuitazama sanaa, chini ya chama cha elimu ya wafanyakazi. Mwalimu wao, Robert Lyon, alitoka chuo cha Newcastle. Aliwaonyesha picha za mafundi wakubwa wa kale, lakini somo halikuwaingia. Hapo akafanya jambo ambalo sisi walimu hutushinda: aliacha kuhutubu, akawaambia wachore wao wenyewe.

Nimetumia miaka mingi kuwafundisha walimu, na ninajua ugumu wa kunyamaza mbele ya darasa. Lakini tazama matunda ya ukimya ule. Wanaume wale walichora giza la mgodini, njiwa wao, mbwa wao wa mashindano, bustani za mboga na shughuli za nyumbani. Mwenzao Harry Wilson hakuwa mchimbaji, alikuwa fundi wa meno ya bandia, naye alichora. Mwaka 1936 picha zao zilionyeshwa Newcastle. Oliver Kilbourn, mchimbaji, aliacha mfululizo mzima wa picha za maisha yake ya mgodini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kilbourn alikilalia.

Kundi lile liliendelea kwa takriban miaka hamsini. Walikutana, wakakosoana, na wao wenyewe wakachagua picha za kuhifadhi. Leo picha hizo zimo katika makumbusho ya Woodhorn, pale pale palipokuwa na mgodi uliofungwa mwaka 1981. Mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi nchini humo ulifungwa Desemba 2015. Mtoto wa Ashington wa leo akitaka kujua babu yake alivyoinama kwenye mwamba, ataelezwa na mtu aliyeinama hapo. Je, juma la karatasi za rangi litamwachia mjukuu wake nini?

Najua nitajibiwa. Wataalamu watasema si kila mtu ni mchoraji, na kwamba bila sherehe vijana hawatakanyaga mlangoni. La kwanza halina uzito, kwa kuwa watu wa Ashington nao hawakuwa wachoraji walipoanza. La pili nalikubali nusu. Sherehe ni njia nzuri ya kufungua mlango. Kosa ni kuufunga tena Jumapili jioni, na kumfanya mwenyeji awe mapambo ya taarifa ya mwaka.

Kwa hiyo makumbusho yanayotangaza sanaa ya maisha ya kaskazini niyaulize maswali matatu. Nani anachagua picha zitakazotundikwa? Zikishushwa, zinabaki mikononi mwa nani? Na mkutano unaofuata ni lini? Yasipokuwa na jibu kwa hili la tatu, fedha zile afadhali zinunue rangi na brashi, zikodi chumba chenye taa, na kumlipa mwalimu mmoja mvumilivu kwa miaka kumi. Hadhara ya siku ya kwanza itakuwa ndogo, wala hakutakuwa na picha ya kupeleka gazetini. Watu wenyewe watajua la kufanya.