Maonyesho ya watoto yaanzie kwenye ringi

SAFU YA WIKI
Na Mwanaidi Haji Makame

Tukiamua kuwatengenezea watoto wa Unguja maonyesho ya makumbusho kuhusu ringi na magurudumu, tuyaanzie Jambiani, na kitu cha kwanza kiwe ringi ya baiskeli iliyong'olewa njiti zote. Isifungiwe kwenye kabati la kioo. Mtoto apewe pamoja na kijiti chake, aambiwe akimbie.

Maji yakishatoka, pwani ya Jambiani hubaki mchanga mpana na mgumu. Mtazame mtoto anayejua kuendesha ringi. Kijiti hukishika upande wa nyuma, chini, ndani ya mfereji uliokuwa umekaa mpira. Ringi ikiinamia kushoto, hukata kona kushoto, na kwa kukata huko hujiinua tena. Akipunguza mwendo inayumba; akisimama inalala. Hiyo ni fizikia, na mtoto ameijua kwa miguu yake kabla hajaikuta ubaoni. Maonyesho yamsaidie kukieleza kile anachokiweza.

Kisha tumpe toroli. Tangu kilimo cha mwani kishike kasi kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, akina mama wa Jambiani na Paje wamebeba magunia yaliyoloa maji kichwani. Kwa nini wasiyasukume? Watoto wajaribu wenyewe: wapakie gunia, wasukume juu ya mchanga mbichi, halafu wabadilishe gurudumu jembamba wafunge pana. Jembamba huzama kwa kuwa uzito wote umekaa mahali padogo, pana huutawanya. Anayeliona hilo kwa macho yake ataanza kufikiria chombo cha kumpunguzia mama yake mzigo.

Wasiisahau na bahari. Juu ya mlingoti pana roda, gurudumu dogo linalopitisha kamba ya kupandishia tanga. Tusimamishe nguzo mbili, moja ina roda na nyingine haina, kila moja na ndoo ya mchanga. Mtoto avute zote mbili, mikono yake itamjibu. Ukutani tutundike picha za reli ya Bububu, maana wengi hawajui kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 treni ilitoka mjini Unguja hadi Bububu.

Najua litakaloulizwa: jengo liko wapi? Jengo la makumbusho la Beit al Ajaib mjini Unguja, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Kulirudisha ni kazi ya fedha nyingi na miaka mingi, na lazima ifanywe. Lakini mtoto wa leo hawezi kungoja. Maonyesho haya yanatosha ndani ya banda la makuti karibu na skuli, na walimu wake wapo kijijini: fundi baiskeli, nahodha wa ngalawa, na vijana wanaotengeneza gari za waya.

Naziomba mamlaka za makumbusho zikae na masheha, kamati za skuli na watoto wenyewe, wasichana kwa wavulana, wapange pamoja tangu siku ya kwanza. Kibao cha "usiguse" kisiwekwe. Na nyinyi wazazi wa Jambiani, ringi kuukuu mlizonazo msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Ziwekeni, zina kazi.