Makumbusho ku simu: majina ya bazee wetu yako wapi?

Majumba ya makumbusho ya dunia nzima yanafungua mulango mwingine siku hizi, mulango wa intaneti. Mutu anaweza kukaa Kipushi ku baraza yake, akafungua simu, akaangalia vinyago na vyombo vilivyotoka huku kwetu na ambavyo vinalala Tervuren, ku Ubelgiji. Mwezi wa pili 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabizi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000. Ni jambo kubwa. Lakini orodha haiko maonyesho, sawa vile orodha ya posho haiko chakula. Na picha ya kitu haiko kitu chenyewe: yule anayefikiri kwamba kutuonyesha mali yetu ku simu kunamaliza deni, tutaongea naye siku ingine.

Leo tunauliza jambo la karibu zaidi. Historia ya mukuba na ya kazi ya mugodi imeshaanza kuingia ku intaneti, tupende tusipende. Iwekwe namna gani ili mama wa Kolwezi mwenye simu ya kioo kilichopasuka, aliyenunua mega za franka 500, asijute kuzitumia?

Tuanze na hizo mega, kwa sababu wenye kutengeneza maonyesho wanazisahau mara nyingi. Picha moja iliyopigwa na mashine nzuri ya hifadhi inaweza kupita megabaiti 20. Picha ileile ikipunguzwa vizuri kwa kioo cha simu, kilobaiti 200 zinatosha, na sura ya mutu inaonekana bado. Ile kubwa iwekwe nyuma, kwa yule anayeitaka na mwenye uwezo wa kuilipia. Kuna makumbusho yanayojivunia kwamba mutu “anatembea” ndani ya jumba lao: anageuka kushoto anaona ukuta, anageuka kuume anaona mulango, anasonga mbele anaona ukuta tena. Mega zinaisha, na hajajifunza kitu. Nani aliingia mu jumba la makumbusho juu ya kuangalia sakafu?

Kinachoshika mutu ni kitu kimoja kinachosimuliwa vizuri. Tukamate musalaba wa mukuba. Kila mutoto wa Katanga anaujua kwa macho. Mu 1961 ulikuwa ku bendera ya Katanga na ku sarafu zake. Ukiweka picha yake peke yake na maneno mawili chini, mutu anapita. Lakini ku makaburi ya zamani ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale, kati yao Pierre de Maret, walikuta misalaba ile pamoja na wafu. Kadiri miaka ilivyoenda, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana, mpaka ikawa kitu cha kuhesabia, ni kusema feza. Hiyo picha moja haiwezi kuisema. Panga mikubwa na midogo ku mustari mumoja, kwa kipimo kimoja, weka mukono wa mutu pembeni, na mutazamaji ataona mwenyewe jinsi kitu cha heshima kilivyogeuka kuwa pesa. Halafu usiandike mengi.

Hapo muchimbaji wa leo atasimama. Yeye anajua ile rangi ya kijani ya malakite, anajua uzito wa mufuko mu mugongo. Mwambie kwamba mbele Union Minière izaliwe mu 1906, wazee walichoma mawe yaleyale mu tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala na mivukuto, wakatoa mukuba. Atakuwa na maswali mengi kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu. Walichagua mawe namna gani? Nani alikuwa na ruhusa ya kuchimba? Ni yeye maonyesho yanapaswa kumufikiria, kwa sababu anafika tayari na elimu yake mu mikono.

Na lugha? Maandishi mengi ku kurasa za namna hii ni Kifaransa, Kiholanzi na Kiingereza. Tunataka Kiswahili, na tunataka sauti, kwa maana banamama wengi wanasikiliza kuliko kusoma. Dakika mbili za sauti, Kiswahili ya huku, haiko ile ya kuvaa kravati. Mufano uko. Mu 1973 na 1974 muchoraji wetu wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya inchi, picha karibu mia moja, akamuelezea Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha ku chuo kikuu hapa, kila picha kwa mudomo wake. Kati yao iko ile ya mwezi wa 12, 1941, wakati askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, ku uwanja wa mpira wa Elisabethville, na Léonard Mpoyi akafa. Picha zile ziko Amsterdam. Maneno ya Tshibumba yamewekwa ku intaneti kwa Kiswahili, vile alivyosema. Ukiangalia picha bila maneno yake unaona rangi na damu. Ukiongeza maneno, unasikia muji unaojisemea.

Sasa tufike pale panapouma. Mu picha nyingi za zamani za mugodi, mukubwa wa kizungu ana jina na cheo. Watu weusi thelathini walio nyuma yake wanaitwa “wafanyakazi”, basi. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, mu kazi yake “Mémoire” ya 2006, alichukua watu wa picha za zamani akawasimamisha mbele ya mitambo ya Gécamines iliyobomoka. Dunia imeziona. Wale watu wanatuangalia usoni, na hatujui kuwaita.

Lakini majina hayajapotea yote. Yako Likasi, Kambove, Kipushi, mu nyumba zenu. Gécamines ilipoachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 tangu 2003, wengi walirudi nyumbani na kumbukumbu zao, na kila mwaka tunawazika. Hapa intaneti inaweza kufanya kitu ambacho ukuta wa jumba hauwezi: kupokea. Chini ya kila picha kuwe na nafasi moja tu ya kubonyeza, “Ninamujua huyu”, na mutu atume sauti: “Ule mwenye kofia njo nkambo yetu, alitumika ku shimo ya Kipushi.” Kisha mutu wa makumbusho ajibu, aulize familia ya pili, aombe namba ya kazi, maana kuna wazee wanaojua namba yao ya kazi kuliko siku yao ya kuzaliwa, halafu aandike jina chini ya picha.

Kazi hiyo inahitaji mutu anayelipwa kila mwezi, kwa miaka. Nafasi ya kubonyeza isiyo na mutu nyuma yake ni uongo, na kulipa huyo mutu kunaweza kupita bei ya kutengeneza ukurasa wenyewe. Hapo tunaambia makampuni yanayochukua mukuba na kobalti leo: musitulipie ukurasa wa kwanza wenye alama yenu kubwa. Lipeni mishahara miwili ku jumba la makumbusho la Lubumbashi. Chuo kikuu hakitaanza na sifuri. Tangu 2000 profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa mradi “Mémoires de Lubumbashi” walikusanya masimulizi ya watu wa muji. Na nakala ya yote ibaki hapa, hata ku kadi ndogo ya simu ambayo shule inaweza kukopa, kwa sababu kurasa nyingi zinakufa siku ile pesa ya mradi inaisha.

Neno moja pia juu ya wale walio hai. Picha za wachimbaji wa mikono wa Kolwezi zinazunguka dunia, na mara nyingi hakuna aliyewauliza. Maonyesho ya kesho yawaulize mbele, na akikataa, akataliwe picha, si kazi.

Tukingojea hayo, kuna kazi ya jumapili hii. Toeni picha mu sanduku, muketi na muzee, muandike nyuma yake: nani, wapi, mwaka gani kama anakumbuka. Tumieni penseli laini, musikandamize. Wino wa biki unaweza kupita upande wa pili ukafunika sura. Kama karatasi ni ile mupya ya kuteleza inayokataa penseli, andikeni ku bahasha kwanza, kisha mutie picha ndani.