Kujisomea Sanaa ya Wales

Anayetaka kujisomea historia ya sanaa ya Wales na aanze na mchoro mmoja tu: Salem, wa mwaka 1908. Bibi kizee aliyejitanda shali ya fahari anaelekea kitini katika kanisa dogo la kijijini. Mchoraji, Sydney Curnow Vosper, alikuwa Mwingereza; mnunuzi, William Lever, alikuwa tajiri wa sabuni, na nakala za mchoro huo ziliingia majumbani kwa wateja wa sabuni ya Sunlight. Hatimaye Wawelisi wengi wakauona kuwa sura yao wenyewe. Ni nani basi aliyeamua sura hiyo, na kwa faida ya nani? (Wapo wanaomwona shetani katika mikunjo ya shali, hao tuwaache.)

Swali hilo halihitaji ada ya chuo. Lahitaji maktaba. Wachimba makaa wa kusini mwa Wales walikatwa sehemu ya mishahara yao ili wawe na maktaba zao. Katika ile ya Tredegar ndimo alimojisomea Aneurin Bevan, aliyeingia mgodini akiwa mtoto na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Uingereza. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba raia akijisomea, serikali imetuliwa mzigo. Magazeti ya Wales ya karne ya 19 yanasomwa bure mtandaoni kwa sababu Maktaba ya Taifa, Aberystwyth, iliyahifadhi na kuyanakili, na wafanyao kazi hiyo hulipwa mshahara.