DAMU CHOONI: USISEME "NI BAWASIRI TU"



Hapa zahanati kwetu, vijijini Mpanda, kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, wengine wakiwa wameshafika mlangoni kuondoka. "Daktari, eti bawasiri hugeuka kuwa kansa?" Mimi si daktari. Ni mganga msaidizi mwenye cheti. Lakini swali hili naweza kulijibu. Jibu ni hapana. Bawasiri haigeuki kuwa kansa, hata ukikaa nayo miaka ishirini.

Ngoja, usikunje gazeti. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayoua watu.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Wengine husema "kuota kinyama". Humpata mtu mwenye choo kigumu anayejikamua sana, na mama mjamzito. Damu yake mara nyingi ni nyekundu, hudondoka mtu anapomaliza haja. Kansa ya utumbo mpana ni kitu kingine. Mara nyingi huanza kama kiuvimbe kidogo ndani ya utumbo. Hukua polepole, pengine miaka kumi, bila maumivu. Nayo pia hutoa damu.

Kosa linaingia hapo. Magonjwa ni mawili, damu ni moja. Asubuhi ukikuta mahindi yamelazwa shambani, nani kayalaza? Ng'ombe wa jirani au kiboko? Huwezi kujua ukiwa kitandani. Unakwenda kutazama nyayo. Tena usiku mmoja wanaweza kuingia wote wawili.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mzee mmoja anayetoka damu. Alisema mwenyewe, "Ni bawasiri, mjukuu wangu." Nikampa dawa ya kupaka. Akarudi, nikampa tena. Mara tatu nilimpa bila kumpima. Yeye aliona haya kuvua nguo mbele yangu, nami niliona haya kumwomba, maana ni rika la babu yangu. Mara ya nne alikuja amekonda, macho na viganja vimekuwa vyeupe. Siku hiyo nilivaa glavu nikampima kwa kidole. Nikagusa uvimbe mgumu. Tukamwandikia barua ya rufaa, ndugu zake wakauza ng'ombe wawili wa nauli na matibabu. Huko alikopelekwa walimkuta na bawasiri, kweli. Walimkuta na kansa pia, nayo ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nilizika naye aibu yangu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Neno "bawasiri" lisitamkwe na mtu yeyote, mgonjwa wala mganga, kabla ya kupima. Kipimo cha kidole hakihitaji umeme wala mashine. Ni dakika mbili. Hakifiki mbali ndani ya utumbo, lakini kansa iliyo karibu na njia ya haja kubwa kinaweza kuigusa.

Kwetu Katavi kuna na sababu nyingine. Ninyi mnaolima mpunga kwenye majaruba ya Mwamkulu na Kakese mnashinda ndani ya maji. Kichocho cha tumbo nacho hutoa damu kwenye kinyesi. Hicho tunakitambua kwa kupima choo, na dawa yake ipo.

Wapo wanaosema kansa hii ni ya Wazungu. Maneno hayo yana historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, akapita hospitali nyingi njiani, Tanganyika ikiwemo, akichunguza uvimbe wa taya za watoto. Baadaye, akiwa amerudi Uingereza, aliandika kwamba bawasiri na kansa ya utumbo ni nadra kwa wanavijiji wa Afrika na ni nyingi kwa Wazungu, kwa sababu wao hula chakula kilichoondolewa makapi. Hakusema moja huzaa lingine. Alisema yote yanatokana na chakula. Juu ya kansa ya utumbo, wataalamu wengi leo wanakubali kwamba chakula chenye makapi husaidia kuikinga. Basi kuleni dona, maharage, kisamvu na mapapai, na mnywe maji. (Mke wangu anataka sembe. Bado tunabishana.)

Lakini dona si kinga kamili. Ken Okoth, mbunge wa Kibra huko Nairobi, alifariki kwa kansa ya utumbo mpana tarehe 26 Julai 2019. Alikuwa na miaka 41.

Wazee wangu, mama zangu, msinunue dawa za kukausha kinyama mnadani. Nimeona watu walioungua. Njooni mkiona damu, hata kidogo. Njooni haraka zaidi kama damu imechanganyika na kinyesi, kama choo kimebadilika kwa wiki tatu au zaidi, kama unahisi haja haijaisha, au unakonda bila sababu. Choo kikiwa cheusi kama lami, njoo siku hiyo hiyo. Likitupita sisi, tutakuandikia uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, nao wakiona lazima watakupeleka hospitali kubwa zaidi, ukachunguzwe utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Kansa hii ikikutwa mapema hukatwa, na mara nyingi mtu hupona.

Kama unaona haya kusema mbele ya watu walioko kwenye foleni, wewe sasa unajua kuandika. Chukua karatasi, andika: "Natoka damu haja kubwa, leo wiki ya tatu." Nipe mkononi. Nitafunga mlango kwanza, kisha tutazungumza.